Pikapu ya dizeli na baridi ya Lushoto: kwa nini inawaka Tanga mjini na kugoma mlimani

Saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa saba, Lukozi, juu ya Lushoto. Kabichi na karoti zimepakiwa tangu usiku, turubai limekazwa, utingo amejifunika blanketi mpaka masikioni. Dereva anageuza ufunguo. Injini inazunguka kwa uzito, kana kwamba imezamishwa kwenye uji. Moshi mweupe unatoka ekzosi, unanukia dizeli mbichi, halafu kimya. Anapiga starta mara ya pili, ya tatu, ya sita. Mara ya saba taa za dashibodi zinafifia na kinachosikika ni tik-tik-tik tu.

Vijana wa kupakia wanasogea, kila mmoja na dawa yake. "Dizeli imeganda hiyo, kaka. Tia mafuta ya taa lita mbili." "Koka moto chini ya tangi, itakaa sawa." "Mnahangaika nini? Mteremko huo hapo, tuisukume."

Dereva huyo nilikuwa mimi, na pikapu ni Hilux ya zamani yenye injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 3L. Jana yake asubuhi iliwaka Ngamiani, Tanga mjini, kwa mguso mmoja. Betri ileile, dizeli ileile ndani ya tangi, ufunguo uleule. Mzigo ulifika soko la Mgandini, Tanga, saa tisa alasiri, wakati wanunuzi wa jumla wameshaondoka, na kabichi iliyoshinda juani chini ya turubai kila mtu anajua inauzwa bei gani. Tangu siku hiyo nimelifuatilia suala hili kwa mafundi, kwa kusoma na kwa kuchafua mikono yangu mwenyewe. Nimegundua kwamba wengi wetu tunaopandisha magari kutoka pwani tunaitibu baridi yenyewe, wakati gari lilikuwa linaumwa tangu Tanga na joto la pwani ndilo lililokuwa linaficha ugonjwa.

Joto linatoka wapi

Injini ya petroli ina plagi inayorusha cheche. Ya dizeli haina. Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani ambaye injini yake ya kwanza iliyofanya kazi vizuri ilikamilika mwaka 1897, aliijenga juu ya jambo moja: hewa ukiibana kwa nguvu na kwa haraka, inapata moto. Ukishawahi kujaza baiskeli upepo kwa pampu ya mkono umelihisi jambo hilo kwenye kiganja, pale chini ya pampu panapopata joto. Ndani ya silinda pistoni inapanda, hewa inabanwa hadi inakuwa moto kupita kikaango, ndipo nozeli inapopuliza dizeli kama ukungu na ukungu huo unajiwakia wenyewe.

Injini ya 3L inaibana hewa mara 22 hivi. 1HZ ya Land Cruiser iko hapohapo. Zile mpya za nozeli za kompyuta, kama 1KD, hubana pungufu kidogo, karibu mara 18. Chukua sasa hewa ya Tanga yenye nyuzi 30 na hewa ya Lukozi yenye nyuzi 10, uzibane zote mara 22. Hesabu ya fizikia inaonyesha kwamba ile tofauti ya nyuzi 20 uliyoanza nayo nje inakuwa kama nyuzi 50 mwisho wa mbano. Nyuzi 20 nje ni suala la kuvaa sweta. Nyuzi 50 ndani ya silinda ni suala la kuwaka au kutowaka, hasa kwa injini iliyochoka.

Hayo ni kabla ya kuhesabu vitu viwili vingine. Cha kwanza ni kuta za silinda zenyewe. Chuma kilicholala nje usiku kucha kinanyonya joto la hewa inayobanwa, na starta ikizunguka polepole hewa hiyo inapata muda zaidi wa kunyonywa na pia muda zaidi wa kuvuja kwenye ringi za pistoni. Kwa hiyo mwendo wa starta ni sehemu ya mfumo wa joto, jambo ambalo sikuwahi kulifikiria.

Cha pili ni mwinuko. Mombo iko chini kwenye joto; kilomita 33 hivi za kona baadaye uko Lushoto mjini, kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Lukozi ni juu zaidi. Kwenye mita 1,400 shinikizo la hewa limepungua kwa takriban asilimia 15 ukilinganisha na ufukweni Raskazone, Tanga. Hewa ni nyepesi, silinda inajaza hewa chache, na kinachobanwa ni kidogo. Baridi na mwinuko vinapiga mahali pamoja. Ndiyo maana gari linaweza kuwaka bila shida Tanga siku ya mvua ya kusi yenye ubaridi wake, lakini likagoma Lukozi.

Je, dizeli inaganda?

Hili ndilo jibu la kwanza la kila mtu, na lina ukweli ndani yake, ila ukweli huo ni wa nchi nyingine. Dizeli ina nta. Ikipoa vya kutosha, nta hiyo inaanza kuonekana kama ukungu, kisha inakuwa chenga, chenga zinaziba filta na injini inakosa mafuta. Kanada na kaskazini mwa Ulaya hilo ni jambo la kila mwaka. Viwanda vya huko hutengeneza dizeli maalumu ya majira ya baridi, na wenye magari huchomeka injini kwenye umeme wa nyumbani usiku kucha ili zisipoe kabisa. Video nyingi za kutunza dizeli kwenye baridi tunazotazama kwenye simu zinatoka huko, kwa watu wanaoamkia nyuzi 20 chini ya sifuri.

Sisi wa Tanga tunao mfano wa nta karibu zaidi. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, na kuishia Chongoleani hapa kwetu lina urefu wa kilomita 1,443, na limebuniwa lipashwe joto njia nzima. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi kiasi kwamba yakiachwa yapoe kama kawaida yanagoma kutiririka, kwa hiyo bomba limevikwa kizuia joto na kuwekewa nyaya za umeme ili mafuta yabaki karibu na nyuzi 50. Hayo ni mafuta ghafi. Dizeli ya kituoni imeshasafishwa, na nta iliyobaki humo ni kidogo. Ni kweli pia kwamba dizeli inayouzwa nchi za joto haiandaliwi kwa baridi kama ya Ulaya, kwa hiyo ukungu wake huanza mapema zaidi. Kubishana kwa maneno hakusaidii. Pima.

Chukua chupa ya maji ya plastiki isiyo na rangi, kavu kabisa. Jioni ukifika mlimani, toa dizeli nusu chupa kutoka kwenye tangi au kwenye koki ya filta, funga kifuniko, iache juu ya boneti ilale na gari. Alfajiri imulike kwa tochi kutoka nyuma. Dizeli ikiwa angavu, unaona vidole vyako upande wa pili, nta haihusiki na mjadala umekwisha. Ikiwa na utusitusi kama maji ya mchele, basi nta inaweza kuwa kweli. Ila angalia kwanza: maji yaliyochanganyika nayo huleta ukungu unaofanana. Ukiipasha chupa kwa mikono na kwapani dakika chache, ukungu wa nta unayeyuka na wa maji mara nyingi unabaki. Nimelala na chupa hiyo Lukozi, Mlalo na Magamba, miezi ya sita na ya saba, na kila mara dizeli iliamka angavu. Mara mbili nilikuta chini ya chupa mstari wa maji na vumbi jeusi, na hilo lilinifundisha zaidi kuliko nta.

Kuhusu mafuta ya taa, ushauri ule haukubuniwa Lukozi. Kwenye baridi kali watu huchanganya dizeli na mafuta mepesi ili nta isishike. Lakini dizeli ndiyo oili ya injekta pampu, ile inayosukuma mafuta kwenda kwenye nozeli. Vyuma vya ndani ya pampu vinasuguana vikiwa vimekaribiana kuliko unene wa unywele, na kinachovilainisha ni dizeli inayopita humo, hakuna kingine. Mafuta ya taa ni makavu. Ukitia lita mbili kila wiki unailisha pampu mchanga kidogo kidogo. Nchi hii tayari tuna kumbukumbu mbaya ya uchakachuaji. Mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kuusogeza karibu na wa dizeli ili kuondoa faida ya kuchanganya. Kulipa bei ya dizeli halafu kujichakachulia mwenyewe mlimani kunaniuma hata kukuandika.

Na moto chini ya tangi, naomba usifanye. Ukungu wa mafuta kwenye tangi lililopungua, waya uliochubuka, nyasi kavu pembeni, na kabichi za watu juu. Nimeona jiko la mkaa likisukumwa chini ya injini kwa ujasiri wote, na pale juu ya jiko kulikuwa na mpira wa dizeli unaovuja.

Tazama moshi kwanza

Hapa ndipo pa kuanzia, na hapahitaji kifaa chochote. Mtu mmoja apige starta kwa sekunde kumi, mwingine asimame nyuma atazame ekzosi.

Ukitoka moshi mweupe mzito unaochoma macho na kunuka dizeli, mafuta yanafika kwenye silinda. Huo moshi ni dizeli yenyewe, matone yaliyopulizwa, yakapata joto la kuyageuza mvuke lakini si la kuyawasha. Acha kabisa mambo ya tangi, filta na mabomba. Tatizo ni joto: plagi za hita, mwendo wa starta, nozeli, au kompresheni, yaani ule mbano wa hewa kwenye silinda.

Usipotoka moshi wowote, mafuta hayafiki. Hapo usipoteze muda na plagi. Fuata njia ya mafuta.

Tofauti hii ndogo ingeniokolea masaa manne siku ile. Moshi wangu ulikuwa mweupe kama wa ubani, nami nilikuwa chini ya gari nafungua filta.

Plagi za hita

Plagi ya hita, mafundi wengine huiita glo plagi, ni kijiti cha chuma kilichochomekwa kwenye kila silinda. Kazi yake ni kuwa chekundu kwa umeme kabla hujapiga starta, ili dizeli ikipulizwa ikute mahali penye moto. Kwenye joto la Tanga, injini yenye kompresheni nzuri inaweza kuwaka hata kama plagi zote nne zimekufa. Hapo ndipo uficho ulipo: unaweza kuendesha mwaka mzima Tanga mjini hujui kama unazo.

Taa ya msokoto kwenye dashibodi, ile ya plagi za hita, nayo inadanganya. Kwenye magari mengi ya zamani taa ile inafuata saa ya kifaa kinachohesabu sekunde. Haijui kama plagi zinapata moto. Itawaka na kuzima kwa heshima zote huku plagi zimekufa.

Kuzipima ni kazi ya robo saa. Tafuta kipande chembamba cha chuma kinachounganisha vichwa vya plagi zote, ubavuni mwa injini. Kifungue, kiweke kando, zibaki plagi peke yake bila kuguswa na waya. Chukua taa ya indiketa ya volti 12 na waya mbili. Waya mmoja unatoka chanya ya betri kuingia kwenye taa; mwingine unatoka kwenye taa, nao unaugusisha kwenye kichwa cha plagi moja moja. Taa ikiwaka, uzi wa ndani ya plagi ni mzima. Ikikaa giza, plagi imekatika. Siku ile fundi wa Lushoto, mzee aliyekuja na taa yake mfukoni imefungwa kwenye kitambaa, aligusa ya kwanza: mwanga. Ya pili: giza. Ya tatu: giza. Ya nne: mwanga. Hakusema kitu, alinitazama tu, akarudia ya pili na ya tatu ili nione vizuri. Injini ya silinda nne ilikuwa inaamka na silinda mbili, kwenye hewa nyepesi, na oili nzito.

Plagi zikiwa nzima zote, rudishia kile kipande, mtu awashe swichi bila kupiga starta, na ugusishe waya mmoja wa ile taa hapo, mwingine kwenye chuma cha injini. Kama hakuna umeme unaofika, ugonjwa uko kwenye fyuzi kubwa, relei au waya. Relei nzima unaisikia ikipiga "tak" ufunguo unapogeuka.

Ukinunua mpya, soma namba iliyogongwa kwenye mwili wa plagi. Toyota za dizeli zimetoka na plagi za volti tofauti, kuna za volti 6 na kuna za volti 11 au 12, na kwa macho zinafanana sana. Ya volti 6 ukiifunga kwenye mfumo wa 12 inaungua siku hiyo hiyo. Kinyume chake haipati moto wa kutosha na utaapa kwamba umeuziwa feki. Zifungue injini ikiwa na uvuguvugu, taratibu, kwa sababu plagi iliyokaa miaka kumi hukatikia ndani na kuitoa huko ni kufungua kichwa cha injini. Ncha iliyovimba au kupasuka ina hatari yake: kipande kikidondoka kwenye silinda, pistoni inakitafuna.

Mtu akikuletea kitambaa chenye petroli au kopo la dawa ya kuwashia ili upulizie kwenye njia ya hewa, mkatalie. Dawa zile huwaka mapema mno kuliko dizeli, na zikikutana na plagi iliyo nyekundu zinalipuka pistoni ikiwa bado inapanda. Inaweza kuvunja ringi au kukunja mkono wa pistoni. Gari litawaka siku hiyo, ndiyo.

Betri na oili

Betri inaugua Tanga, inafia Lushoto. Joto la pwani ndilo linalokausha maji yake na kula sahani za ndani. Baridi inaipunguzia nguvu kidogo tu, lakini inaipunguzia siku ambayo starta inadai zaidi. Betri iliyopumzika usiku mzima ikisoma volti 12.6 imejaa, ikisoma 12.2 iko kama nusu, nayo kwa Tanga itatosha na kwa Lukozi haitatosha. Wakati starta inazunguka isishuke chini ya 9.6 hivi. Injini ikishawaka, usomaji uwe kati ya 13.8 na 14.4, chini ya hapo alteneta haichaji ipasavyo.

Kabla ya kununua betri, safisha vichwa vyake. Ule unga wa kijani na mweupe ni ukuta mbele ya umeme. Magadi kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji ya moto, mswaki wa zamani, piga mpaka povu liishe, suuza, kausha, paka grisi. Hakikisha maji hayo hayaingii kwenye matundu ya betri. Halafu fuata waya wa hasi unaokwenda kwenye injini, ambao karibu kila mtu anausahau. Weka mita ya volti ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, mtu apige starta. Ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea kwenye waya huo. Kwa hewa ya chumvi tunayoishi nayo Tanga, waya unaoza ndani ya ganda lake huku nje unaonekana mpya.

Oili nayo ina neno. Madereva wengi wa pwani wanapenda oili ya namba 40 tupu, kwa hoja kwamba oili nzito inalinda injini kuukuu. Kwenye joto hoja hiyo ina mashiko. Asubuhi ya mlimani oili hiyo ni asali, na starta inazunguka polepole, nawe umeshaona polepole inamaanisha nini kwa joto la silinda. Oili ya 15W-40 ni ileile namba 40 injini ikipata moto, lakini imetengenezwa iwe nyepesi ikiwa baridi. Herufi W ni ya majira ya baridi kwa Kiingereza, na oili ya daraja hilo hupimwa kwa kuzungushwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwa anayelala mlimani hata mara mbili kwa mwezi, sioni sababu ya kubaki na 40 tupu.

Kama hakuna moshi

Geuza swichi bila kupiga starta, usikilize kwenye injekta pampu. Kuna kifaa kidogo chenye waya mmoja, kazi yake kufungua na kufunga mafuta. Kinapaswa kupiga "tik". Kikiwa kimya, angalia waya na fyuzi kabla ya lolote.

Kikiwa kizima, nenda kwenye pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Ibonyeze. Ikikaza baada ya mara chache, mafuta yapo. Ikiwa laini na inabonyea mara ishirini na zaidi kabla ya kukaza, mafuta yamerudi tangini usiku na hewa imechukua nafasi yake. Huo ni ugonjwa wa mipira iliyokauka: mchana gari likiwa na moto mpira unanyumbuka na kuziba, usiku unasinyaa, upepo unaingia. Gari likilala limeelekeza pua mlimani, mafuta yanarudi kwa urahisi zaidi. Weka kwa muda kipande cha bomba la plastiki linaloonyesha kabla ya pampu na utaona mapovu yakipita kama soda.

Maji yanahitaji ufafanuzi, maana tunaambiwa kila siku tujaze tangi ili mvuke usigeuke maji usiku. Ushauri ni mzuri, sababu imekuzwa. Tangi la lita 65 lililobaki nusu lina hewa lita 32 hivi. Hata kama hewa hiyo ni ya pwani, nzito ya unyevu, ikipoa kutoka nyuzi 25 hadi 10 inatoa maji karibu nusu gramu, yaani matone machache. Miezi ikipita yanakusanyika, lakini maji ya kusimamisha gari yanatoka kwenye madumu ya barabarani na kwenye matangi ya ardhini yasiyosafishwa. Fungua koki iliyo chini ya filta asubuhi kabla ya kuwasha, maji yakiwa yametulia chini, acha yatoke mpaka ije dizeli tupu.

Wenye injini mpya za nozeli za kompyuta, msilegeze paipu za nozeli kutoa hewa kama tunavyofanya kwenye 3L. Shinikizo humo linazidi baa 1,000. Dizeli inapenya ngozi ya mkono kama sindano, na jeraha dogo la hivyo ni la kukimbizwa hospitali.

Themostati iliyotupwa

Gari likichemsha Tanga, dawa ya haraka ni kutoa themostati. Karibu kila pikapu kuukuu niliyoifungua mjini haina. Themostati hufunga njia ya maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ifike nyuzi 82 hivi, ndipo ifungue. Ikiwa haipo, maji yanazunguka tangu mwanzo. Pwani utaona nafuu. Mlimani injini haipati moto wake hata baada ya kilomita kumi: inatoa moshi mweupe, inagonga, inakula dizeli, na mafuta yasiyoungua yanateremka pembeni mwa pistoni kuichafua oili. Gari linalochemsha lina rejeta iliyoziba, mara nyingi kwa maji ya kisima yenye chumvi, au mkanda wa feni uliolegea. Tibu hapo, na themostati irudishwe.

Kusukuma kwenye mteremko

Nimeliacha kwa makusudi mpaka hapa kwa sababu linaua. Pikapu ya dizeli haipati nguvu ya breki kwenye injini kama ya petroli. Ina pampu ndogo ya kuvuta hewa, kwenye Toyota hizi za zamani iko nyuma ya alteneta, inayozunguka injini ikiwa inafanya kazi. Injini ikiwa imezima, unabaki na breki moja au mbili, baada ya hapo pedali inakuwa jiwe. Usukani wa pawa nao unakuwa mzito. Sasa weka tani moja ya kabichi nyuma na kona za Soni mbele, giza na ukungu, halafu injini yenye plagi mbovu ikatae kuwaka ukiwa tayari unateremka. Kama ni lazima kusukuma, iwe uwanja tambarare. Kama hakuna tambarare, tafuta gari lingine la volti 12 na nyaya nene ubusti, au subiri jua lipande. Saa tatu asubuhi injini nyingi zilizogoma alfajiri huwaka zenyewe.

Siku hizi nikipandisha mzigo najaza tangi Mombo kabla ya kona. Lukozi naegesha pua ikiangalia bondeni, jiwe kwenye tairi mbili, boneti nimeifunika gunia zito na kadibodi mbele ya rejeta, ambavyo navitoa kabla ya kuwasha. Alfajiri natoa maji kwenye filta, nabonyeza pampu ya mkono mpaka ikaze, nawasha swichi nikiwa nimezima taa na redio. Taa ya msokoto ikizima nahesabu mpaka tano, nazima, narudia mara ya pili, ndipo napiga starta, si zaidi ya sekunde kumi na tano. Ikiwaka siikanyagi mafuta. Naiacha iungurume dakika mbili tatu huku utingo anakagua kamba, kisha tunaondoka taratibu kwa gea ndogo. Tukikaribia Lushoto mjini mshale wa joto unakuwa umefika katikati, moshi umekwisha nyuma, na Mgandini tunaingia saa nne.